Samaki Ambao Hawakuzaliwa

Homilia ya Dominika ya Tano ya Mwaka C
Masomo: Isa. 6:1-8; 1Kor. 15:1-11, Lk. 5:1-11

Wapendwa Taifa la Mungu, nawasalimu nyote mnaonisikiliza asubuhi hii ya Dominika: ninyi mlioko majumbani, ninyi wagonjwa mliolala vitandani, nanyi wavuvi mliotoka ziwani alfajiri hii na sasa mnatengeneza nyavu zenu mwaloni. Injili ya leo ni yenu kwa namna ya pekee. Simoni na wenzake walikuwa wakiosha nyavu kama ninyi. Walikuwa wamefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, wasipate kitu. Hakuna haja ya kumweleza mtu wa Muganza au wa Nyamirembe maana ya usiku wa namna hiyo. Mafuta ya injini yamekwisha, mkopo haujalipwa, na watoto wanamngojea baba pwani wakitazama ndani ya mtumbwi kabla ya kumtazama usoni.

Siku moja nilikaa na mzee mmoja mvuvi chini ya mti, karibu na ziwa letu hapa Chato. Nilimwuliza, kama watu wote waulizavyo, samaki wamekwenda wapi. Alinyamaza kitambo, kisha akanijibu hivi: “Padri, hawakwenda popote. Wala hawakufa. Wangekufa tungewaona wanaelea. Samaki hawa hawakuzaliwa.”

Neno hilo sijalisahau. Tumezoea kuogopa sumu inayoua, kwa maana maiti huonekana na huzikwa. Lakini ipo hasara nyingine isiyo na maiti wala kilio, nayo ni hasara ya kile ambacho kingezaliwa na hakikuzaliwa. Juu ya hasara hiyo napenda tutafakari leo.

Ndugu wapendwa, tukifungua Maandiko Matakatifu mwanzoni kabisa, katika kitabu cha Mwanzo, tunakuta jambo ambalo mara nyingi tunalipita bila kulitazama. Kiumbe cha kwanza kupokea baraka kinywani mwa Mungu si mwanadamu. Ni samaki na viumbe vya majini, pamoja na ndege, siku ya tano. Na baraka yenyewe ni ipi? Ni kwamba wazae, waongezeke, wayajaze maji. Basi baraka ya kwanza iliyotamkwa duniani ni baraka ya uzazi, nayo ilitamkwa juu ya maji. Sisi tulibarikiwa siku ya sita, baada yao. Kwa hiyo mtu anayeyafanya maji yasizalishe, hata kama hakuua samaki hata mmoja, ameinua mkono wake juu ya baraka iliyotangulia ya kwake mwenyewe.

Je, maji yanaweza kupoteza baraka hiyo na bado yakaonekana kuwa maji? Wataalamu wanatueleza kwamba yanaweza. Nitajaribu kueleza kwa lugha nyepesi, ili nanyi makatekista mweze kuwaeleza wengine.

Ndani ya mwili wa kila mnyama, na ndani ya miili yetu pia, kuna wajumbe wadogo sana wanaosafiri katika damu. Wataalamu huwaita homoni. Mjumbe mmoja huuambia mwili ukue, mwingine huuambia wakati wa uzazi umefika, mwingine humfanya dume awe dume na jike awe jike. Sasa, ziko kemikali zilizotengenezwa na wanadamu ambazo, zikiingia majini na kisha mwilini mwa samaki, hujifanya kuwa wajumbe hao. Hubisha hodi katika mlango uleule na kutoa ujumbe wa uongo. Nyingine huuziba mlango ili mjumbe wa kweli asiingie. Samaki hafi. Anaogelea, anakula, ananenepa. Lakini mwili wake umedanganywa, na uzazi wake umevurugika. Katika Agano la Kale manabii wa kweli walipata taabu kubwa kwa sababu ya manabii wa uongo waliosema kwa sauti kama yao. Hilo ndilo linalotokea katika damu ya samaki.

Wala hii si hadithi. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Uingereza walichunguza samaki wa mito inayopokea maji machafu ya miji, wakakuta samaki madume wenye mayai ndani ya viungo vyao vya kiume. Mwaka 2001, huko Ontario nchini Kanada, wataalamu walianza kutia katika ziwa moja dogo la utafiti homoni ya kike iliyotengenezwa na binadamu, ile itumikayo katika vidonge vya kuzuia mimba. Walitia kiasi kidogo mno, kama nanogramu 5 hadi 6 katika kila lita ya maji. Na nanogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni moja! Walifanya hivyo kwa miaka mitatu. Madume wakaanza kutengeneza katika miili yao protini ya kiini cha mayai, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kwisha kabisa ziwani humo. Naomba mtu yeyote asilichukue neno hili na kulifanya fimbo ya kuwapigia wanawake. Choo cha kila nyumba, zizi la kila mfugaji na shamba la kila mkulima vina sehemu katika jambo hili. Nimelitaja ili mwone jinsi kitu kidogo sana kinavyoweza kuondoa baraka kubwa sana.

Turudi nyumbani. Sisi tunaishi mahali ambapo pamba, dhahabu na samaki vinakutana. Mlimani watu wanachimba, bondeni wanalima, ufukoni wanavua. Na mvua ikinyesha, maji ya wote huishia katika ziwa moja.

Nianze na pamba, kwa sababu hapo mimi mwenyewe nina la kuungama. Nilizaliwa katika nyumba ya mkulima wa pamba. Nilipokuwa kijana mdogo, kazi yangu baada ya kupulizia dawa ilikuwa kuosha bomba. Niliosha wapi? Kijitoni, mahali palepale tulipochota maji. Siku moja niliona visamaki vidogo vikigeuka tumbo juu na kuelea. Tuliita wenzetu, tukaviokota kwa furaha, tukavipeleka nyumbani, tukavila. Tulidhani ni bahati. Hakuna aliyetufundisha, nasi hatukuuliza. Nimekuwa padri miaka mingi, nimewafundisha watu amri kumi za Mungu mara zisizohesabika, na sikuwahi kufikiri kwamba kile nilichokifanya kijitoni kilihusu amri hata moja. Leo nafikiri kinahusu ya tano, ile inayotukataza kuua, na ya saba, ile inayotukataza kuiba. Maana niliwaibia walio chini ya kijito, na niliwaibia ambao walikuwa hawajazaliwa.

Dawa moja iliyotumika sana katika pamba ni endosulfani, ambayo wengi wenu mliijua kwa jina la Thiodan. Ni sumu kali kwa samaki, na tena huhesabiwa kati ya kemikali zinazovuruga homoni. Mwaka 2011 mataifa ya Mkataba wa Stockholm yaliiingiza katika orodha ya sumu zinazotakiwa kuondolewa duniani. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na watu waliofanya vibaya zaidi kuliko mimi na bomba langu: waliimwaga sumu ya wadudu ziwani kwa makusudi, ili wavue bila kutoka jasho. Mnakumbuka yaliyofuata. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria, kwa Tanzania, Kenya na Uganda. Viwanda vikakosa kazi, bei ikaanguka, na waliolia ni wengi ambao hawakuwahi kushika chupa ya sumu mkononi. Dhambi ya wachache ilifunga nyavu za wote.

Pili, dhahabu. Wachimbaji wetu wadogo wanatumia zebaki kukamata punje za dhahabu, kisha wanaichoma ili dhahabu ibaki. Mvuke wake unaingia kwanza katika mapafu ya mchomaji, na ya mkewe na mtoto aliyebebwa mgongoni, maana wengi huchoma jikoni. Inayobaki katika mchanga wa marudio huteremka na mvua. Ikifika mahali penye matope na maji yaliyotulia, vijidudu vidogo huigeuza kuwa zebaki ya namna nyingine, iliyo hatari zaidi, ambayo huingia katika wadudu wa majini, kutoka wadudu hadi dagaa na furu, kutoka hao hadi sangara, na kutoka sangara hadi mezani. Watafiti wameonyesha katika maabara kwamba samaki waliolishwa chakula chenye zebaki hiyo hupungukiwa homoni za uzazi na hutaga mayai machache.

Hapa sina budi kusema ukweli wote, kwa kuwa kuwatisha watu bila sababu nako ni kosa. Wataalamu waliopima samaki wa ziwa letu upande wa kusini walikuta kwa jumla zebaki kidogo, chini ya kiwango kinachokatazwa kwa chakula. Palipokutwa zebaki nyingi ni katika mchanga na vijito vya karibu na machimbo. Basi msiache kula samaki. Wala msiseme kwamba ziwa lote limekwisha kuwa sumu. Na mkiuliza kwa nini samaki wamepungua, wataalamu watawatajia kwanza uvuvi uliopita kiasi, makokoro na nyavu za macho madogo zinazokomba watoto pamoja na mama zao. Lakini zebaki haiozi. Iliyoko mchangani leo inangoja mvua ya kesho. Watu wa Minamata huko Japani nao walikula samaki kwa miaka bila wasiwasi, mpaka mwaka 1956 ulipotangazwa ugonjwa uliolemaza watoto tumboni mwa mama zao, kwa sababu ya zebaki ya kiwanda iliyomwagwa katika ghuba yao. Mkataba wa dunia juu ya zebaki uliopitishwa mwaka 2013 umepewa jina la mji huo, na nchi yetu iliuridhia mwaka 2020.

Tatu, uchafu wa kawaida ambao sote tunauona mdogo: vyoo, samadi, mbolea, na udongo unaosombwa na mvua baada ya kukatwa miti. Huo hulisha mwani, na mwani huyafanya maji kuwa ya kijani na mazito. Mnawajua furu. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zake zaidi ya 500, na inakadiriwa kwamba kiasi cha aina 200 zimetoweka, hasa baada ya sangara kuongezeka katika miaka ya 1980. Lakini si sangara peke yake. Mwaka 1997, watafiti Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walichapisha walichokiona katika Ghuba ya Mwanza, jirani zetu hapa. Furu jike humchagua mume wake kwa rangi: wengine huwafuata wekundu, wengine wa buluu. Maji yalipokuwa maangavu, kila mmoja alimtambua wa kwake. Maji yalipochafuka, mwanga haukupenya, rangi hazikuonekana, na aina zilizotengana zikaanza kuchanganyikana na kupotea. Hapo hakuna kemikali iliyoidanganya damu. Ni giza tu lililofumba macho. Lakini matokeo ni yaleyale: ujumbe wa Muumba, unaomwita kiumbe azae kwa jinsi yake, haukufika.

Katika sura ya 34 ya kitabu chake, nabii Ezekieli anawakaripia kondoo walionona, ambao wamekunywa maji safi na kisha kuyavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, hata kondoo wengine wakalazimika kunywa tope la nyayo zao. Ndugu, nabii hakuwakaripia kwa sababu walikunywa. Kunywa ni haki yao. Mungu hawachukii wachimbaji wala wakulima. Kanisa letu tunamosali limejengwa kwa sadaka zenu: tofali moja la mvuvi, moja la mkulima, moja la mchimbaji. Mimi mwenyewe nimesomeshwa kwa pamba mpaka nikafika seminari kuu. Kosa la wale kondoo ni kwamba, baada ya kushiba, hawakufikiri ni nani anakuja kunywa nyuma yao.

Tazameni sasa jinsi masomo ya leo yanavyotuongoza. Isaya, alipouona utukufu wa Bwana hekaluni, hakusema tu kwamba yeye ana midomo michafu. Aliongeza kwamba anakaa katikati ya watu wenye midomo michafu. Aliungama dhambi yake na dhambi ya jamii yake kwa pumzi moja. Simoni Petro naye, alipoona wingi wa samaki, hakukimbilia kuhesabu faida. Alianguka magotini na kukiri kwamba ni mkosefu. Ni ajabu! Sisi hujiona wakosefu tunapokosa. Petro alijiona mkosefu alipopewa. Aliposhika zawadi mikononi, ndipo alipotambua kwamba hakustahili. Mtu anayejua kwamba samaki ni zawadi hawezi kuitia sumu meza ya Mwenye kutoa.

Tena Bwana alimwambia Petro atweke mpaka kilindini. Nanyi wavuvi mnajua siri moja: samaki wengi wa kilindini huzaliwa ufukoni. Sato dume huchimba kiota chake katika maji ya kina kifupi. Sato jike hutaga mayai, kisha huyachukua kinywani mwake na kuyatunza humo kwa siku nyingi, mpaka vifaranga waweze kuogelea, na hata wakitoka hurudi kinywani wakiona hatari. Yule mama karibu hali chakula, ili asimeze watoto wake. Na wapi anafanya hivyo? Palepale ufukoni, kwenye mafunjo na matete, mahali ambapo mtu anaosha bomba la dawa, anamwaga maji ya karasha, na anachimba choo. Wazee walisema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ufuko wa ziwa ndio mkunga wetu, nasi tunamtemea mate usoni.

Basi tufanye nini? Sitawaacheni na huzuni tu, maana Injili ni habari njema. Lile ziwa la Kanada nililowatajia, walipoacha kutia ile homoni, baada ya miaka kadhaa samaki walirudi. Baraka ya Mungu ina subira. Ikipewa nafasi, hurudi. Nasi tunayo ishara mbele ya macho yetu. Kisiwa cha Rubondo kimekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, na uvuvi wa kibiashara hauruhusiwi katika maji yanayokizunguka. Samaki huzaliana humo kwa amani, kisha huja mpaka katika nyavu zetu. Huko tunaona baraka ya siku ya tano ikiendelea kufanya kazi.

Naziomba Jumuiya Ndogondogo mambo matatu. Kwanza, kwa wakulima: bomba la dawa lisioshwe tena kijitoni wala ziwani, na kopo la dawa lisichotewe maji ya kunywa hata likioshwa mara saba. Pili, kwa wachimbaji: msichome zebaki jikoni wala karibu na watoto, tumieni chombo kilichofungwa kinachorudisha mvuke wake, na marudio yasikae kando ya kijito. Tatu, kwa sisi sote: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetaka shughuli za watu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo, zisifanyike ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Hizo meta 60 ziwe kwetu kama uzio wa wodi ya wazazi. Tuache matete yaote. Nanyi makatekista, mnapowaandaa watoto kwa kitubio, waulizeni pia juu ya maji. Mimi sikuulizwa.

Najua mtu mmoja atasema: nikiacha mimi peke yangu, itasaidia nini? Mkumbuke kwamba wavu wa Petro ulipoanza kukatika, aliwapungia wenzake wa chombo cha pili waje wasaidiane. Hakuna anayeweza kuvuta wavu huu peke yake. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kilio kimoja. Hapa kwetu tunaweza kuongeza kilio cha tatu, kisichosikika kwa sauti: cha samaki ambao hawakuzaliwa, na cha wajukuu wetu watakaofika ufukoni na nyavu zao na kuuliza tulifanya nini.

Yule mzee chini ya mti aliniomba jambo moja kabla hatujaagana. Aliniomba nibariki mtumbwi wake. Niliubariki. Kisha, bila kuombwa, nikateremka mpaka majini nikayabariki na maji, nikiomba yazae. Niliona haya kidogo, kwa sababu nilikumbuka bomba la utotoni. Lakini nilikumbuka pia kwamba Bwana hakumwacha Petro magotini. Alimwambia asiogope, akampa kazi.

Nasi leo atupe kazi hiyo. Ee Bwana uliyeyabariki maji siku ya tano, utakase midomo yetu kama ya Isaya, utakase mikono yetu kama ya Petro, na utufundishe kunywa kwako bila kuwavurugia wanaokuja nyuma yetu. Ututumie wajumbe wa kweli, nasi tuwe wajumbe wa kweli kwa wenzetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakieni nyote Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!